Nani alitufundisha kuchoma shoka?

Jikoni kwa Senje, yaani shangazi yangu, kule Emuhaya magharibi mwa Kenya kuna giza hata saa sita mchana, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichoona siku hiyo nikiinama kuingia mlangoni ni rangi. Nyekundu ambayo kuni peke yake haina. Katikati ya mafiga, chini ya makaa, kulikuwa na kichwa cha shoka, na binamu yangu mdogo amechuchumaa hapo anapuliza moto na kipande cha paipu, machozi yanamtoka kwa moshi.

"Senje, shoka linafanya nini kwa moto?"

"Si mpini umevunjika, mwanangu. Umevunjikia ndani kabisa, kipande kimekwama. Tunakichoma kitoke halafu tutie mwingine. Keti kwanza, chai iko tayari."

Nikamwambia polepole, manake huwezi kuingia tu kwa mtu na kuanza kumfundisha mambo ya nyumba yake, kwamba huo moto unaharibu makali. Hakukasirika. Alinimiminia chai akasema, "Babako alikuwa anafanya hivyo hivyo. Na babu yako pia."

Hayo maneno yamenikaa kichwani wiki nyingi sasa.

Manake ni kweli. Nimewaona wazee wakifanya hivyo tangu niko mdogo, na hawa ni watu waliokuwa na akili ya mikono kutushinda sisi wote, watu walioangalia mti umesimama wakakwambia utatoa mbao ngapi. Watu kama hao wanakoseaje wote pamoja, kitu kimoja, miaka yote hiyo?

Makali yanakufaje

Wacha niseme kwanza moto unafanya nini, halafu nirudi kwa hilo swali.

Makali ya shoka yalipotengenezwa yalipashwa moto mpaka yakawa mekundu, yakatumbukizwa yapoe ghafla ndio yawe magumu, halafu yakapashwa tena kidogo tu ili yasiwe makavu ya kumegeka. Ugumu wote wa shoka uko kwa hiyo hatua ya mwisho, na hiyo hatua ni ya joto dogo sana. Ukisugua stili ikawa nyeupe safi halafu uipashe polepole utaona rangi zikitembea juu yake. Kwenye nyuzi joto 220 za Selsiasi hivi inakuwa manjano ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, na ikifika karibu 300 inakuwa bluu. Ikipita hapo ule ugumu unaanza kutoka, na hautarudi wenyewe ati kwa sababu chuma kimepoa.

Sasa chuma kikianza kung'aa chekundu kwenye giza la jikoni, kimeshapita 500.

Kwa hiyo shoka la Senje lilikuwa limepitishwa huo mpaka mbali sana. Lilipopoa nililiomba, nikapitisha tupa kwenye makali. Makali mazima tupa inayakwaruza kwa shida, inalia kabisa. Haya tupa iliyala laini, unga wa chuma ukawa unaanguka kwa mkeka. Ukilinoa hivyo litakata vizuri gogo la kwanza, la pili makali yanajikunja, na utaambiwa mashoka ya siku hizi ni mabaya.

Na grainda inafanya kitu kile kile, tofauti ni kwamba huoni moto. Fundi anashikilia makali kwa jiwe, cheche zinaruka, kwa nukta moja ncha inageuka bluu, anaichovya kwa maji, inang'aa inapendeza. Imeshakufa hapo kwa ncha ambapo ndipo pa maana. Mimi ningesema ukitaka kunoa shoka tumia tupa tu, ya bei yoyote, na uvumilivu. Mkono wako hauwezi kupasha stili moto kiasi cha kuiharibu.

Kilichokuwa chini ya kutu

Senje aliniruhusu nilibebe nirudi nalo Kisumu. Akasema nikichelewa atanunua lingine.

Kutu nilitoa kwa molasi. Ndio, ile ya ng'ombe, unaipata agroveti yoyote huku kwa ukanda wa miwa, na sijui kwa nini watu hawaitumii zaidi. Kipimo kimoja cha molasi kwa maji tisa au kumi, unazamisha chuma, unafunika, unaacha wiki moja au mbili. Inatoa harufu, weka mbali na nyumba. Lakini inakula kutu na kuacha chuma, tofauti na siki ambayo ukiisahau inaendelea kutafuna mpaka chuma chenyewe. Ukitoa, unasugua na brashi ya waya, unakausha papo hapo na kupaka mafuta, la sivyo kutu inarudi kabla hujamaliza kunawa mikono.

Kwenye shavu la shoka kulikuwa na alama iliyolika, herufi chache hapa na pale, na chini yake neno moja linasomeka vizuri: ENGLAND.

Kisogo kilikuwa kimetapanyika kila upande kwa kugongwa na nyundo miaka na miaka, watu wakilitumia kama kabari ya kupasulia magogo. Ile midomo ya chuma iliyojikunja nikaikata kwa tupa, manake ukiigonga siku moja inaruka kipande na kipande hicho hakichagui jicho.

Halafu nikapaka siki kidogo upande mmoja, kusafisha tu. Baada ya muda nikaona mstari. Kutoka kwenye makali kwenda juu kama vidole viwili chuma kimekuwa cheusi, halafu kuna mpaka, na kutoka hapo kwenda nyuma ni kijivu hafifu. Nilikaa chini nikauangalia huo mstari muda mrefu. Zamani stili ilikuwa ghali, kwa hiyo wahunzi walitengeneza mwili wote wa shoka kwa chuma laini halafu wakaunganisha ulimi wa stili mbele tu, wakaupiga kwa nyundo ukiwa na moto mpaka vikashikana vikawa kitu kimoja. Siki inaigeuza stili nyeusi kuliko kile chuma laini, ndio maana mpaka unaonekana. Na vile vidole viwili ndio maisha yote ya hilo shoka. Stili ikiisha, shoka limeisha, hata kama mwili umebaki mkubwa.

Shoka la namna hiyo limefikaje Emuhaya sijajaribu kutafuta, lakini njia hazikosi. Reli ilifika hapa Kisumu mwisho wa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na treni zenyewe zilikuwa zinachoma kuni. Hata hii mikaratusi tunayoiita blugamu ililetwa Kenya 1902, wakitafuta mti wa kukua haraka wa kulisha hizo injini. Kuni za kuendesha treni hazikatwi na panga.

Mzee wa Luanda

Hapa ndipo mambo yaligeuka kwangu.

Kuna mzee anachonga mipini karibu na soko la Luanda, si ile ya Angola, hii ya kwetu Vihiga. Mipini ya jembe zaidi, ya shoka mara moja moja. Nilimpelekea kile kichwa nikitaka tu mpini, tukaanza kuongea, na mimi nikamuuliza lile swali langu, kwamba mzee, kwa nini watu wetu wanachoma shoka kutoa mpini?

Hakunijibu. Aliingia nyumbani akatoka na shoka la zamani kabisa, si la kiwandani. Halina tundu. Ni ulimi wa chuma wenye mkia mrefu umechongoka, na mpini wake una kichwa kinene kama rungu, ule mkia umepita katikati ya hilo rungu.

"Hili hatukutoboa na drili," akasema. "Ni chuma cha moto."

Yaani unachukua chuma, unakipasha mpaka kiwe chekundu, unakisukuma kwa mti, kinachoma njia yake mwenyewe. Unarudia mpaka tundu linafika upande wa pili. Halafu unatia mkia. Mpini ukivunjika unachoma mwingine vivyo hivyo, na moto unakula mti tu, makali yako kando yamelala kwa nyasi.

Nikaomba nilishike. Nikagonga ukingo wa gogo mara kadhaa, na hapo nikaona kitu kingine. Kila ukigonga, mkia unajisukuma ndani zaidi. Shoka hilo linajikaza lenyewe likifanya kazi. Likilegea ni ukiligonga kinyume tu.

Mimi naamini ndipo ilipotoka ile desturi. Huku magharibi chuma si kitu cha kuletewa. Wasamia, watu wa kule mpakani na Uganda, walikuwa wanayeyusha mawe ya vilima vyao kupata chuma kabla mzungu hajafika, na majembe yao yalienda mbali, yakabadilishwa kwa ng'ombe na mbuzi, yakaingia hata kwa mahari. Watu waliokaa na chuma hivyo walijua moto ni sehemu ya kutia mpini. Halafu likaja shoka la tundu, la dukani, na mkono uliozoea moto ukaendelea na moto. Ila sasa mti umekwama ndani ya chuma, na ukichoma mti unachoma vyote viwili.

Kwa hiyo wazee hawakuwa wajinga. Walikuwa na ujuzi sahihi wa shoka lingine.

Nilipofikiria hivyo nilipata amani fulani, halafu papo hapo nikaanza kuwa na wasiwasi, manake kama ni hivyo basi moto si desturi pekee tuliyoihamisha.

Ndoo

Kila boma ninalolijua, shoka likilegea linalala kwa ndoo ya maji. Asubuhi limekaza, unapasua kuni, kila mtu anafurahi.

Kinachotokea ni hiki. Mti unakunywa maji unavimba, lakini tundu la chuma halipanuki, kwa hiyo nyuzi za mti zinajibana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinapondeka. Ukikauka, mti unarudi mdogo kuliko ulivyokuwa jana. Kesho unalegea zaidi, unarudishwa kwa ndoo, na kila usiku wa maji unakula kidogo. Ndoo haiponyi chochote, inakopa tu.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Kulikuwa na matanga kwa jirani, na mnajua vile matanga yetu huwa, watu mamia, sufuria kubwa, vijana wamepangwa zamu ya kupasua magogo tangu usiku, na mashoka yamekusanywa kutoka kila boma, hakuna anayejua lipi ni la nani na lina hali gani. Shoka moja lilikuwa limetolewa kwa ndoo asubuhi. Saa nane jua limewaka, mpini umekauka, kijana akainua kwa nguvu zake zote na kichwa kikachomoka nyuma yake. Kilipita katikati ya akina mama waliokuwa wanachambua mboga kikaingia kwa mgomba.

Hakuna aliyeumia. Kimya kikawa kidogo, mtu akaleta msumari, wakakigongelea, kazi ikaendelea.

Msumari wenyewe ni shida nyingine. Unapasua mpini kutoka juu, halafu ule ufa unateremka kila ukigonga, na hauuoni manake uko ndani ya tundu. Hata kutoa hicho kipande siku mpini ukivunjika kunakuwa kazi mara mbili kwa sababu drili inakutana na chuma.

Mpera, lusiola au blugamu

Wamarekani wanatumia mti wao wa hickory kwa mipini, na kule Ulaya ash. Nilitazama video nyingi za hao watu na nikaanza kudhani bila hiyo miti huwezi kutengeneza kitu cha maana, mpaka mzee akaniambia niache kutafuta mti wa mbali wakati nimekalia mpera.

Mpera ni mgumu, haupasuki ovyo, na unarudi ukipinda. Shida yake ni kupata kipande kirefu kilichonyooka, mpera unapenda kujizungusha. Lusiola, ambao Waluo wanauita siala, unanyooka vizuri na ni mwepesi, mimi ningeuweka kwa jembe kuliko shoka. Blugamu iko kila mahali, ina nguvu kweli, lakini inapasuka ikikauka haraka na watu wengi hawana subira nayo.

Alichosisitiza mzee kuliko aina ya mti ni namna ya kuutoa. Usikate kwa msumeno, pasua. Msumeno unaenda unakotaka wewe, mpasuko unafuata nyuzi, na kwa shoka nyuzi zinatakiwa zianzie mkononi mpaka ndani ya tundu bila kutokea ubavuni. Zikitokea ubavuni, hapo ndipo utavunjika, hata ungekuwa mti gani. Akachukua mpini wa dukani uliokuwa hapo akanionyesha kwa kucha, nyuzi zinakata mshazari zinatoka nje katikati kabisa.

"Huu ni wa kuuza," akasema, "si wa kutumia."

Halafu kukausha. Mti mbichi ukitiwa leo utasinyaa ndani ya tundu na kulegea, hakuna kabari itakayouokoa. Unaupasua, unapaka ncha zote mbili rangi au nta ili usipasuke, unauweka darini jikoni mbali kidogo na moto, na unasahau. Mwaka mzima ni sawa. Mzee alikuwa na yake ya mpera iliyokwisha kuwa myeusi kwa moshi, akanichagulia mmoja kwa kuigongagonga na kusikiliza.

Kuchonga tulichonga na panga, halafu patasi, halafu tupa ya mbao, na mwisho kipande cha chupa iliyovunjika. Ukikiegemeza vizuri kinakwangua nyuzi nyembamba kama nywele na kuacha mti laini kuliko msasa. Vaa kitu mkononi.

Na kutia kwenyewe, hiki ndicho kilinishangaza zaidi. Nilidhani unakigonga kichwa kiingie. Hapana. Unaunyanyua mpini wima, kichwa kikining'inia chini hewani, unagonga ncha ya juu ya mpini na nyundo ya mti. Kichwa ni kizito, kinabaki pale pale, mpini ndio unashuka ndani yake, kwa hiyo kwa macho yako kinapanda chenyewe, pigo kwa pigo, bila mtu kukigusa. Unatoa, unaangalia mahali chuma kimeacha alama nyeusi, unakwangua hapo tu, unarudia. Kikifika mwisho unatia kabari ya mti mkavu kwenye mkato uliouacha juu. Tundu la shoka zuri ni pana juu kuliko chini, kwa hiyo kabari ikifungua mti, kichwa hakina njia ya kurudi kilikotoka. Unaacha mti utokeze kidogo juu ya chuma, usikate sawa.

Mafuta ya linsidi badala ya vanishi, vanishi inateleza na kuchubua mikono. Tambara ulilopakia hayo mafuta litandaze nje likauke, usilikunje ukalitupa kona, linaweza kujipasha moto lenyewe mpaka likawaka.

Kama ni lazima moto

Makali yenyewe niliyapeleka soko la Kibuye hapa Kisumu, kwa fundi anayetengeneza panga na jembe kwa springi za lori. Alijua kazi. Alipasha mdomo tu, akawa anaujaribu na sumaku mpaka ikakataa kushika, akauzamisha kwa mafuta. Sisi tukasugua ukawa mweupe, akaupasha tena kutoka nyuma polepole, rangi zikatembea, kahawia ikaanza kuelekea zambarau, akasema basi. Tupa sasa inalia.

Nilimrudishia Senje shoka na nikaongea naye vizuri kuhusu moto. Nikamwambia kipande kikikwama akate sawa na chuma, atoboe na drili mashimo kadhaa, halafu akigonge na chuma butu kitoke. Akaniuliza drili iko wapi. Umeme uko, drili hakuna, na fundi ni nauli.

Ana haki. Ushauri usiowezekana si ushauri.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi: akilazimika, achimbe shimo, azike makali yote kwa udongo wenye maji, mpaka karibu na tundu, na moto auwashe juu ya tundu tu, mdogo, akimwagia udongo maji kila unapokauka. Chuma laini cha nyuma hakina ugumu wa kupoteza. Aliupenda huo mpango. Alisema unafanana na kitu ambacho mtu mwenye akili angefanya, na kutoka kwa Senje hiyo ni sifa.

Swali la kama ilistahili bado ninalo. Ukijumlisha nauli, fundi, mafuta na mpini, ningemnunulia shoka jipya na chenji ikabaki. Lakini nimeyashika hayo mapya, chuma kile kile laini kutoka mbele hadi nyuma kwa mengi yake, rangi nyekundu juu, mpini nyuzi zimeenda mshazari. Ningelinunua hilo kila mwaka na kila mwaka Senje angepasua kuni kwa shida. Mwanamke wa umri wake akipiga mara kumi kwa kazi ya mara tatu, hiyo pia ni gharama, sema tu hakuna anayeiandika kwa daftari.

Binamu yangu hakubaliani nami. Yeye anataka paipu, ichomelewe kwa kichwa cha shoka, haivunjiki, hailegei, haihitaji mpera wala mzee wa Luanda. Nimemwambia moto wa kuchomelea unapita hapo karibu na makali pia, na kwamba paipu haimezi mshtuko, yote inakuja kwa viwiko. Anasema hayo ni maneno. Kuna gogo la blugamu limelala nyuma ya boma tangu mvua, lina mafundo ya kutisha, na amekwenda kuazima shoka la paipu kwa rafiki yake. Jumamosi yeye anaanza upande mmoja na mimi naanza upande wa pili na hili la mpera.